Punda na Dawa Yake: Neno la Kwaresima



Katika zile Zaburi saba ambazo tangu zamani Kanisa limeziita Zaburi za toba, moja ni ya 32, nayo twaisoma sana siku hizi za Kwaresima. Humo Daudi asimulia jinsi alivyoinyamazia dhambi yake, akaificha moyoni, hata mwili wake ukachakaa kwa kuugua. Kisha aliungama, akasamehewa, na Mungu akamwahidi kumwonyesha njia na kumwongoza huku akimtazama kwa jicho lake. Papo hapo laja onyo: tusifanane na farasi wala nyumbu, ambao hawana ufahamu, na hawasogei karibu ila kwa lijamu na hatamu.

Mwezi huu twataka kulitafakari onyo hilo kwa kutazama kazi moja ya zizini ambayo wafugaji wetu waijua vema, nayo ni kumnywesha dawa mnyama asiyetaka. Tusidhani kwamba jambo hili ni dogo mno kwa kurasa za Kanisa. Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mtu mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Tena mtaani mwetu wamo watu wanaougua hivi leo kwa sababu dawa iliyo mezani haijaingia kinywani.

Farasi kwetu ni mgeni. Ukisimama Tunduma mpakani kutwa nzima utahesabu malori mengi yaendayo Zambia na Kongo, lakini farasi huenda usimwone hata mmoja. Sababu moja ni maradhi. Mbung'o huleta nagana, na kuna ugonjwa mwingine uenezwao na visubi, uitwao tauni ya farasi, ambao huua farasi wengi sana wanaoupata. Pundamilia waweza kuwa nao bila kuonekana kuumwa, na punda nao huustahimili kuliko farasi. Basi tutazungumza juu ya punda, ndugu yake farasi, avutaye mkokoteni na kubeba maji na magunia ya mahindi. Naye ndiye aliyembeba Bwana wetu siku ya Matawi.

Punda ni msiri wa maumivu. Ng'ombe akiumwa utamwona, na farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa chini. Punda husimama kimya tu, ameinamisha kichwa, na mwenyewe asiyemjua husema kwamba leo amechoka. Kumbe ugonjwa umekwisha kufika mbali. Zaidi ya hayo, punda aliyeacha kula kwa siku chache, hasa aliyenenepa au mwenye mimba, yu hatarini. Mafuta ya mwili wake huingia kwa wingi katika damu na kuliharibu ini, akaweza kufa kwa hilo hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndiyo habari ya Daudi kabla hajaungama.

Sasa umegundua kwamba mnyama wako ni mgonjwa, na bwana mifugo amekupa dawa. Unamkaribia, naye anasikia harufu asiyoizoea. Anakaza meno, anageuza kichwa, anarudi nyuma. Utafanyaje? Twaona mambo manne, na kila moja lina fundisho lake.

La kwanza, uliza kwa nini anakataa. Watu husema kwamba punda ni mkaidi, lakini mara nyingi ukaidi wake ni hofu. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama palepale mpaka aridhike kwamba mbele hakuna hatari. Huenda ana jino bovu na kinywa kinamuuma. Huenda safari iliyopita alishikwa kwa nguvu akaumizwa, naye hakusahau. Huenda umemtenga na mwenzake aliyemzoea, kwa maana punda hushikamana sana wawili wawili, na ukimleta mwenzake asimame karibu hutulia.

Mkumbukeni Balaamu katika Hesabu sura ya 22. Alimpiga punda wake mara tatu kwa kukataa kwenda, naye punda alikuwa amemwona malaika mwenye upanga ambaye bwana wake hakumwona. Balaamu alikuwa nabii, lakini siku ile mnyama alikuwa na macho kuliko yeye. Basi, kabla hatujashika fimbo, yafaa tuulize huyu anayekataa ameona nini.

La pili, usimlazimishe kwa nguvu. Wako watu ambao humvuta punda kichwa juu, wakamtia chupa kinywani na kuimimina dawa yote kwa mara moja. Hilo ni jambo la hatari. Kichwa kikiinuliwa sana na dawa ikaja kwa wingi, yaweza kupita njia ya pumzi na kuingia mapafuni, mnyama akapata kichomi na kufa kwa ajili ya dawa iliyokusudiwa kumponya. Njia njema ni hii: chukua bomba la sindano lililotolewa sindano, acha kichwa chake mahali pake pa kawaida, lipitishe pembeni mwa kinywa, pale penye pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, kisha toa dawa kidogo kidogo huku ukimngoja ameze.

Angalieni, ndugu, jinsi mahali hapo palivyo pa ajabu. Pengo hilo ndipo lijamu inapokaa. Mlango mmoja wapitisha chuma cha kumshurutisha na dawa ya kumponya. Kwa mnyama aliyepata kuumizwa kinywani, ni shida kutambua ni kipi kinachokuja. Hata maneno yetu yako hivyo. Mzazi amwonyaye mtoto, mzee wa kanisa amwendeaye mlevi, mke amwambiaye mumewe akapime afya, wote wapita mlango ule ule uliopita matusi na makaripio ya jana. Tukiwa tumeutumia mlango huo kwa chuma tu, tusishangae siku ya dawa tukiukuta umefungwa.

Kwa hiyo wafugaji wenye busara huanza mapema, mnyama akiwa mzima. Humletea bomba safi lenye maji ya sukari au molasi kidogo, siku kadhaa, mpaka alipende. Siku ya ugonjwa ikifika, kinywa kimekwisha kuzoea. Wema unaoonyeshwa siku ya afya ndio ufunguao kinywa siku ya maradhi. Mchungaji au jirani ambaye huonekana nyumbani mwa mtu siku ya kosa peke yake atasikilizwa kwa shida.

La tatu, usimdanganye mpaka chakula chake kikawa cha mashaka. Si vibaya kutia dawa katika pumba zilizolowanishwa kwa molasi, au kuificha ndani ya ndizi mbivu, iwapo bwana mifugo amesema kwamba dawa hiyo yaweza kuchanganywa na chakula. Lakini tia katika chakula kidogo, na usimame hapo mpaka akimalize. Ukiitia dawa chungu katika chakula chote, aweza kukikataa chote, na tumekwisha kuona hatari ya punda asiyekula. Tena ukiitia katika pipa la maji, hutajua amekunywa kiasi gani, wala ni punda yupi aliyekunywa.

Kwa wanadamu jambo hili ni zito zaidi. Punda hatuwezi kumweleza, bali mtu twaweza. Kumtilia mtu mzima dawa ndani ya uji bila yeye kujua, au kumwambia ni vitamini tu wakati ni dawa ya ugonjwa mkubwa, ni kumfanya mnyama. Siku atakapogundua ataikataa dawa, na uji, na mkono uliouleta. Mungu mwenyewe hakutudanganya. Manabii walisema wazi ugonjwa ni nini na uponyaji ni nini. Bwana wetu hakuwaficha wanafunzi wake msalaba ndani ya maneno matamu.

La nne, toa dawa iliyo yake, kwa kipimo chake, mpaka iishe. Dawa ya mnyama mmoja yaweza kuwa sumu ya mwingine. Amitrazi, ambayo wengi huitumia kuua kupe wa ng'ombe, yaweza kuyafunga matumbo ya farasi na punda. Monensini, ambayo hutiwa katika vyakula vingine vya kuku na ng'ombe, yaweza kumwua farasi au punda kwa kuuharibu moyo. Na dawa ya minyoo ikitolewa pungufu, minyoo dhaifu hufa na ile yenye nguvu hubaki na kuzaana, hata siku moja dawa hiyo isifae kitu katika zizi zima. Mwenye kupunguza dozi amemnyima mnyama wake uponyaji, tena amemharibia jirani dawa.

Ndugu, hapo ndipo twataka kuwasihi kwa habari ya afya zetu wenyewe. Mji wetu ni mji wa njia kuu. Barabara ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali zetu mbili mwaka wa 1976, hupita hapa. Watu huingia na kutoka, leo Tunduma, kesho Nakonde, keshokutwa Mbeya. Katika maisha ya namna hiyo ni rahisi kuacha dawa njiani.

Tuchukue kifua kikuu. Kwa wagonjwa wengi matibabu huchukua miezi sita. Baada ya miezi miwili hivi kikohozi hupungua, uzito hurudi, na mtu hujiona amepona. Hapo wengi huacha. Lakini wadudu wa ugonjwa hawajaisha, na waliobaki waweza kuwa sugu, wakamrudia yeye na kuwapata watoto anaolala nao chumba kimoja kwa ugonjwa ambao dawa za kwanza haziuwezi.

Nchi yetu ina sifa katika jambo hili, na yafaa vijana wetu waijue. Tangu mwaka wa 1977 Tanzania ilikuwa na mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na mmoja wa waliousaidia sana alikuwa Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Mtu huyu aliujua ugonjwa kwa mwili wake mwenyewe, maana aliupata baada ya kufungwa katika kambi ya mateso ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Yeye na wenzake Watanzania walionyesha kwamba hata katika nchi isiyo tajiri wagonjwa wengi waweza kuponywa, iwapo dawa hazikosekani, mgonjwa husimamiwa akimeza, na kila mmoja huandikwa na kufuatwa mpaka amalize. Utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza baadaye, katika miaka ya 1990, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi hiyo ya hapa kwetu. Siri yake haikuwa dawa peke yake. Ilikuwa dawa pamoja na mtu wa kusimama karibu.

Kinyume cha neema hiyo ni habari ya Dakta Livingstone, ambaye wito wake wa mwaka wa 1857 huko Cambridge ulisababisha kuundwa kwa misheni ya UMCA, iliyowaletea Injili wengi wa baba zetu Waanglikana. Mwaka wa 1866 alianza safari yake ya mwisho kutoka pwani ya kusini, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Wanyama wale walitendewa vibaya na watu wa msafara, wakafa. Kisha, Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, sanduku lake la dawa lilipotea pamoja na wapagazi waliotoroka. Aliona kwamba amehukumiwa kufa, na tangu hapo maradhi yalimwandama mpaka alipofariki mwaka wa 1873. Yule alikuwa daktari, aliijua dawa, aliitaka, naye hakuwa nayo. Sisi tunayo zahanatini, dawa ya kifua kikuu hutolewa bila malipo, nasi twageuza kichwa kama punda.

Wengine hawaikatai kwa hofu, bali wameambiwa kwamba mtu aliyeombewa akimeza dawa amekosa imani. Hayo siyo mafundisho ya Kanisa letu. Katika 2 Wafalme sura ya 20, Hezekia aliomba kwa machozi, Bwana akamsikia, kisha nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka katika ardhi, na mwenye akili hazidharau. Tunapowawekea wagonjwa mikono na kuwapaka mafuta kwa jina la Bwana, kama Yakobo alivyoagiza, hatuwaambii wavitupe vidonge. Anayesikia sala ndiye aliyeumba dawa. Mwenye kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi na asiziache hata siku moja, maana hizo ni za maisha yote, na kuzimeza kila siku kwa saa yake ni kumshukuru Mungu kwa vitendo.

Naamani naye nusura akose kupona, kwa sababu dawa aliyopewa ilikuwa rahisi mno machoni pake: kujichovya mara saba katika mto wa watu wengine. Alitoka na hasira. Waliomwokoa ni watumishi wake, waliomsogelea kwa heshima wakamwita baba, wakasema naye taratibu. Na alipokubali, hakujichovya mara tatu akaacha. Alitimiza saba.

Basi twafanyaje katika Kwaresima hii? Twapendekeza mambo yasiyozidi nguvu zetu. Kila jumuiya imwulize mgonjwa wake, kwa faragha na bila kutangaza siri yake, ni nini kinachomzuia. Huenda hana nauli ya kufika kituo cha afya. Huenda akimeza vidonge na tumbo tupu hutapika, na kinachohitajika ni bakuli la uji asubuhi. Huenda aona haya kuonekana na majirani penye dirisha la dawa. Mambo hayo ndiyo malaika wa punda wa Balaamu, nasi tukiisha kuyaona twaweza kuyaondoa. Umoja wa Mama na vijana wachague watu wa kumsindikiza anayependa kusindikizwa. Na yeyote anayesafiri ng'ambo ya mpaka kwa kazi au biashara amwambie mhudumu wa afya mapema, ili aelekezwe jinsi ya kuendelea na dawa huko aendako.

Tena kuna dawa nyingine ambayo wengi wetu twaikazia meno. Ni kuungama. Tuna ugomvi wa shamba ulioingia mwaka wa tano, fedha za watu tulizozificha, ndugu tusiosemezana nao ingawa twakaa benchi moja kanisani. Twasema, nitakwenda Jumapili nyingine. Mapadre wako tayari kuwapokea kwa kitubio kabla ya Pasaka, na hayo mtakayoyasema hayatatoka nje. Daudi aliponyamaza alichakaa. Aliposema alipona.

Wala msidhani kwamba Mungu ataka kutubana kichwa na kutumiminia. Angeweza kututia lijamu, maana sisi ni viumbe vyake. Lakini alichagua njia ya yule anayekuja zizini mapema, aliye mpole, na sauti yake yajulikana. Mwana wake alikuja akakaa kwetu miaka mingi kabla ya siku ya msalaba, akala nasi na kuchoka nasi. Na kile kikombe kichungu alikinywa yeye kwanza kule Gethsemane, akiwa amekwisha kusema wazi kwamba angependa kimwepuke. Hakuna anayeweza kumwambia kwamba hajui uchungu wa dawa. Ndiyo maana Ignasi wa Antiokia, askofu aliyekufa shahidi mwanzoni mwa karne ya pili, aliuita Ushirika Mtakatifu dawa. Padre akija na mkate na kikombe, nasi tukipiga magoti, ni kinywa chetu kinachofunguka kwa hiari. Hapana chuma hapo.

Punda tumsamehe, maana hakuna awezaye kumweleza. Sisi tumeelezwa. Mwenye dawa nyumbani na aimeze leo jioni, na kesho, mpaka aambiwe na mganga kwamba imetosha. Mwenye neno la kuungama na alilete. Na mwenye ndugu aliyekaza meno asimpige, bali asimame karibu naye, amwulize ameona nini, kisha ampe kidogo kidogo na kumngoja ameze.

Bwana awajalie Kwaresima njema, na Pasaka ya watu waliopona.

Wachungaji wenu katika Kristo